Gari laini au gari lililolegea? Majibu ya shokapu na springi

Wiki hii simu yangu imejaa maswali ya chini ya gari, nadhani kwa sababu mvua imeshamaliza kazi yake barabarani. Nimechagua haya machache. Mengi ya yaliyobaki yanafanana nayo, kila mtu ajitafute humo.

Fundi, nina Premio ya 2009. Natoka Kira kila siku: kilomita nne za vumbi, halafu lami mpaka Entebbe kwa njia ya kulipia. Kwenye vumbi linanipiga mgongo, kwenye lami ya kasi linayumba kama mtumbwi. Niweke shokapu gani nipate starehe na gari lishike barabara? – Dereva wa Kira

Wewe unaona magonjwa mawili, mimi naona mmoja. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi kitu; kazi yake ni kuikataza springi isiendelee kucheza baada ya shimo kupita. Bodi la saluni ya kawaida likiachwa lijichezee juu ya springi zake hupanda na kushuka kama mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde. Shokapu nzima inaukata mchezo huo papo hapo. Iliyochoka inauacha uendelee: unapita tuta la kwanza, la pili linakukuta bado uko chini, springi imebanwa, na gari linakwenda kugonga ule mpira wa stopa, unaozuia chuma kisigonge chuma. Mpigo huo ndio unaousikia mgongoni. Ukifika kwenye lami, kasi 100, shokapu ile ile inashindwa kulituliza bodi na mtumbwi unaanza. Wengi wakiendesha gari la namna hii husema ni laini. Limelegea, na ukilikaza vizuri mgongo wako utapumzika kuliko sasa.

Kwa hiyo usianze na springi. Kama za kiwandani hazijakatika wala kulala, ziache. Tafuta shokapu nne za gesi zenye ukazo wa kiwandani au uliozidi kidogo. KYB, ambayo madukani wanaiita Kayaba, wana Excel-G ya kundi hilo. Wana pia New SR Special, ile ya buluu ya soko la Japani; inakaza zaidi, na kwa kilomita zako nne za vumbi sikushauri. Angalia maboksi kwa makini, bandia zipo nyingi: ukiona rangi mbichi inayobanduka kwa ukucha au namba za boksi hazilingani na zilizogongwa kwenye chuma, rudisha.

Utasikia pia habari za shokapu za mrija mmoja, kama Bilstein B6. Ni kitu kizuri. Oili yake imetenganishwa na ukuta mmoja tu na hewa ya nje, kwa hiyo inapoa haraka, na gesi ya presha kubwa haichanganyiki nayo, haitoi povu hata ukipiga mawimbi ya barabara ya udongo saa nzima. Lakini pistoni inateleza moja kwa moja kwenye ukuta huo wa nje. Jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama. Zile za mirija miwili, ukibonyea wa nje kidogo, wa ndani hauna habari. Nimewahi kuitupa shokapu ya mrija mmoja ambayo oili yake ilikuwa bado safi kabisa, kwa sababu ya denti isiyozidi kidole gumba.

Na kabla ya kutoa hela, lala chini uangalie bushi za loa amu (mkono wa chini unaoshika tairi), linki za stabilaiza (fito la kuzuia gari kulala kwenye kona) na maunti za juu (zinazoshika kichwa cha shokapu kwenye bodi). Shokapu mpya juu ya bushi zilizochanika ni kama viatu vipya kwa mtu aliyeteguka kifundo. Ukibadilisha bushi, mwambie fundi asizikaze boliti zake kwa mara ya mwisho gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Bushi ni mpira ulioshikana na chuma. Ukiukaza tairi likining'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa usiku na mchana. Boliti zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Za kwangu zilichanika kwa miezi mitatu, gereji iliyozifunga ikaniapia kwamba nilinunua feki. Bushi hazikuwa na kosa. Mwenye spana alikuwa na haraka.

Fundi wangu amesema atakata springi raundi moja kwa grainda gari lishuke, lishike kona. Nikubali? – Kijana wa Jinja

Usikubali. Springi yenye raundi 5 zinazofanya kazi, ukikata 1, inakuwa ngumu kwa robo zaidi, na hapo hapo umeinyima nafasi ya kushuka. Shokapu nayo inafanya kazi chini kabisa ya mwendo wake, mahali isipotengenezewa. Ukitaka gari lishuke, nunua springi zilizotengenezwa fupi na shokapu za kuendana nazo. Bilstein B8, kwa mfano, zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Halafu uje uniambie matuta ya Mabira umeyapitaje.

Na mimi nataka kinyume: Wish yangu inagusa chini kila tuta. Wananiuzia spesa (vipande vya kuinulia gari) za aina mbili, za chuma na za mpira. Zipi? – Mama Mwalimu, Kasese

Mama Mwalimu, kabla ya spesa chukua futi kamba. Pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi, kona zote nne, gari likiwa tupu mahali pa usawa. Springi za gari lililobeba watu kwa miaka kumi na tano huwa zimelala, na mara nyingi springi mpya za kawaida zinairudisha Wish kwenye kimo chake bila ujanja mwingine.

Ikiwa bado unataka kuinua, chagua ya chuma au plastiki ngumu inayokaa juu ya strati (shokapu na springi zilizofungwa pamoja), kati ya maunti na bodi. Haibadilishi ugumu wa springi. Inachobadilisha ni pembe: eksel za mbele zinainama zaidi, sivi jointi (viungo vinavyoiwezesha eksel kupinda) zinafanya kazi kwa taabu, hasa tairi linapoanguka shimoni. Sentimita 2 hadi 3 naweza kuvumilia. Ukizidisha hapo utakuwa mteja wa kudumu wa sivi jointi. Na ukishafunga, nenda wili alaimenti (kunyoosha pembe za tairi) siku hiyo hiyo, usingoje tairi lilike upande.

Ile ya mpira inayosukumwa katikati ya raundi za springi, iache dukani. Inaziua raundi mbili zisicheze, mzigo wote unahamia kwa zilizobaki. Unapata kimo, unapoteza starehe, na siku moja springi inakatika pale pale mpira ulipoishia.

Forester yangu ya 2005 imeketi nyuma kama mbuzi aliyegoma. Tumenunua shokapu mpya za nyuma za Kayaba, za kawaida. Bado imeketi! Nimeibiwa? – Mwenye Subaru, Ntinda

Swali hili nalipenda, kwa sababu hakuna aliyekuibia na bado hela imepotea nusu.

Forester nyingi za umbo hilo, lile la kuanzia 2002 mpaka 2008, zilitoka Japani na shokapu za nyuma zinazojisawazisha zenyewe. Ukipakia mizigo, ukiendesha kidogo, mtikisiko wa barabara wenyewe unapiga pampu iliyo ndani ya shokapu na mkia unapanda tena. Kwa kuwa shokapu hizo zinasaidia kubeba, Subaru waliziwekea springi laini kuliko za kawaida. Nilikwambia juu kwamba shokapu haibebi kitu. Hii ndiyo iliyotoka kwenye sheria.

Sasa wewe umetoa shokapu iliyokuwa inabeba, umeweka isiyobeba, na springi ni zile zile laini. Gari litaketi tu, hata ukiliwekea shokapu ya dhahabu. Kama umebaki na za zamani, zitazame: zinazojisawazisha zina mwili mnene, ukiziweka kando ya mpya tofauti unaiona bila kipimo. Dawa ni springi za nyuma za Forester isiyokuwa na mfumo huo. Waulize wauza spea hivyo hivyo, usiseme tu "springi za Forester", maana watakupa zozote. Usikubali pia ngumu kupita kiasi "ili isilale tena". Gari hilo lilizaliwa na mwendo mrefu wa tairi, ndiyo starehe yake. Ukiliwekea springi za mashindano utaliendesha kama mkokoteni wa soko la Owino.

Na litunze. Tangu sheria ya Uganda ya 2018 izuie kuingiza magari yaliyopita miaka 15, lingine la umbo hilo hutalipata bandarini.

Mimi ni askari mstaafu, Bombo. Noah yangu siku za kazi inabeba matoke kutoka Masaka, Jumapili inabeba familia. Niliweka springi ngumu nyuma kwa ajili ya mzigo. Sasa mama watoto amekataa kuipanda.

Afande, pole, hata mimi yamenikuta. Niliwahi kuiwekea Legacy yangu springi ngumu, tukaanza safari ya Kabale. Kufika Ntungamo mke wangu akachukua mkoba wake akapanda basi. Hakugomba hata neno moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Springi iliyochaguliwa kwa matoke haiwezi kumfaa mtoto. Rudisha za kiwandani, halafu tafuta vile vibofu vya hewa vinavyokaa ndani ya springi ya nyuma. Siku ya mzigo unavijaza kwa pampu ile ile ya tairi. Jumamosi jioni unavipunguza mpaka presha ndogo kabisa anayoandika mtengenezaji, usivimalize, maana kibofu kitupu kinajikunja na kutoboka. Kumbuka tu kwamba kibofu kinanyoosha mkia, hakiongezi nguvu ya eksel, breki wala tairi. Uzito ulioandikwa na kiwanda unabaki ule ule.

Prado ya kazi, Moroto. Ofisi imekubali kulipia springi na shokapu za Old Man Emu. Muuzaji ananiuliza uzito wa vitu nilivyofunga. Ananisumbua? – Dereva

Huyo ni muuzaji mzuri, mshike. Springi hizo za Australia zinauzwa kwa kundi la uzito: gari tupu, lenye chuma cha mbele na winchi, lenye tangi la ziada na mizigo ya kudumu. Kosa la ofisi nyingi ni kuagiza kundi zito "kwa usalama". Gari likienda tupu linarukaruka, na tairi lililo hewani halishiki kona wala breki. Hesabu kinachokaa ndani ya gari siku zote, si cha safari moja ya mwaka.

Koilova (springi na shokapu za kurekebishika) zenye vituo 32 vya kurekebisha, je? – Mark X, Mbarara

Kama utavirekebisha kweli, sawa. Ninaowajua wamevizungusha wiki ya kwanza, vumbi likaingia kwenye nyuzi, sasa vimeganda kituo kimoja.

Nimetoa rimu za 15 nikaweka za 17. Tangu hapo gari gumu. Nibadilishe shokapu? – Dereva wa taksi, Busia

Hapana, soma ubavu wa tairi. Ulikuwa na 195/65R15: asilimia 65 ya milimita 195 ni kama 127 za mpira kati ya rimu na barabara. Sasa una 215/45R17, yaani kama 97. Umetupa sentimita 3 za mto wa hewa, na hakuna shokapu ya kukurudishia. Halafu angalia kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva: upepo sahihi umeandikwa pale kwa saizi ya kiwandani. Vijana wa pampu wakiachiwa, wanajaza 40 kila gari, na 40 kwenye saluni tupu peke yake inatosha kukuharibia safari.

Shokapu zilizotumika kutoka Japani zina thamani? Naijuaje nzima? – Wengi

Kubonyeza boneti na kuangalia kama gari linarudi mara moja kunakamata iliyokufa kabisa tu. Iliyochoka nusu inapita mtihani huo ikitabasamu. Mezani ni vigumu zaidi: ya mrija mmoja inaweza kuwa imepoteza gesi bila tone la oili nje. Mimi sinunui.

Ukitaka kujua zako zilipofika, fanya hivi. Inua kava la vumbi, funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya mafundi umeme, kuzunguka ufito unaong'aa wa shokapu, uishushe mpaka iguse mdomo wa mrija. Isiwe imebana sana, iteleze kwa kidole. Kisha pita njia yako ya kila siku, na abiria wako wa kila siku. Ukirudi, kamba itakuwa imesukumwa juu mpaka pale shokapu iliposhuka kwa kina kuliko pote. Ukiikuta imekaa katikati, uko salama. Ukiikuta imebanwa kwenye mpira wa stopa, ipige picha na unitumie, pamoja na jina la gari na barabara uliyopita.