Taa ya Injini Ikiwaka, Pima Kabla ya Kununua Sensa

Taa ya injini imewaka kwenye Toyota IST yangu. Fundi anasema ninunue sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye ekzosi. Ninunue? (Mbagala)

Mashine ya kupimia imesoma namba gani? Kila wiki mnaniuliza swali hili, na kila wiki namba hamniandikii! Ikisoma P0135, tatizo liko upande wa hita ya sensa ya mbele: kagua fyuzi, waya na hita yenyewe, na kama hita imekatika, badilisha sensa. Ikisoma P0171, sensa inakupa taarifa tu kwamba hewa imezidi kipimo chake kwa petroli iliyopo. Tafuta hewa hiyo inaingilia wapi. Juzi nililetewa gari ambalo lilishabadilishwa sensa mbili. Nikapapasa mpira wa kupitishia hewa kwenda kwenye injini, kwa chini, kidole kikazama kwenye ufa. Mwenye gari alikuwa amelipia sensa zote mbili bure. Inauma.

Sensa imegoma kufunguka.

Washa injini ipate moto kiasi, zima, pulizia dawa ya kutu kwenye meno ya sensa, pale inapojifunga, usubiri. Tumia soketi namba 22 yenye mpasuo wa kupitishia waya. Spana malaya iache, italika kona. Mpya anza kuifunga kwa mkono. Grisi maalumu ya meno isiguse ncha ya sensa kabisa. Na usiidondoshe: ndani kuna kauri, huweza kupasuka huku nje ikionekana nzima.

Naweza kuiosha kwa petroli?

Hapana.

Ya mtumba je?

Siishauri. Hujui imetembea kilomita ngapi. Halafu Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuja mbele hutumia sensa ya mbele ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, ambayo si sawa na ile ya oksijeni ya kawaida, hata kama plagi ya waya inaingia. Linganisha namba ya kipuri.

Imesoma P0420. Fundi anataka kutoa masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, ili taa izime. (Dodoma)

Mkatalie. Namba hiyo hutokana na sensa ya nyuma, iliyo baada ya masega, inayolinganishwa na ya mbele, iliyo kabla yake, kuona kama masega bado yanasafisha moshi. Ukiyatoa, sensa ya nyuma itaona moshi uleule wa mbele, na taa itaendelea kuwaka. Kwanza kagua kama ekzosi inavuja, kisha sensa yenyewe. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye soko, ndiyo maana baadhi ya mafundi wana haraka ya kuyatoa na hawakurudishii. Moshi usiosafishwa una monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na kwenye foleni anayeivuta ni dereva wa bodaboda na abiria wake waliosimama nyuma yako. Kama ameshayatoa, yafuate leo kabla hayajauzwa.