Je, "sound" ya Kiingereza ni jamaa ya "sauti" yetu?

SWALI: Ndugu Mhariri, Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Wete, Pemba. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili ameniuliza kama neno "sound" limetokana na "sauti", kwa kuwa maana ni moja, na yote mawili yana s mwanzoni na t au d kuelekea mwishoni. Nilipofungua kamusi nilizidi kutatizika, kwa sababu neno hilohilo nimelikuta na maana ya sauti, ya uzima, ya mlango wa bahari na ya kupima kina cha maji. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Kwanza mpongeze kijana huyo, kwa sababu dhana yake ina msingi: maneno ya Kiarabu yalifika Ulaya kama yalivyofika kwetu, na sukari tunayotia katika chai na ile ya Waingereza zote zimetoka katika "sukkar" moja. Hata hivyo, "sound" na "sauti" yamefanana kwa sadfa tu, na ushahidi umo katika herufi ileile iliyomvutia, yaani d.

"Sauti" ni "sawt" ya Kiarabu, ambamo t ni sehemu ya mzizi wenyewe, na sisi tumeongeza i mwishoni ili neno likae vizuri katika vinywa vyetu. "Sound", kwa upande wake, ilianzia katika "sonus" ya Kilatini, ikawa "son" katika Kifaransa cha kale, kisha ikaingia Uingereza baada ya Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuitwaa nchi hiyo mwaka 1066. Kabla ya hapo, Waingereza walikuwa na neno lao, "sweg", ambalo leo halitumiki tena. Neno hilo jipya walilitamka na kuliandika "soun", bila ya d yoyote, na d haikuenea mpaka karne ya 15. Kwa hiyo ile konsonanti ambayo kwa Waarabu ni ya asili, kwa Waingereza ni mgeni aliyekuja baadaye.

Mgeni huyo alitoka wapi? Alitoka kinywani. Mwambie mwanafunzi wako atamke n na kuishikilia: atahisi ncha ya ulimi imegusa nyuma ya meno na pumzi inatoka puani. Njia ya pua ikifungwa kabla ulimi haujaachia, d husikika yenyewe. Waingereza walifanya hivyo pia katika neno lao la radi, "thunder", ambalo zamani lilikuwa "thunor". Nasi tunalo jambo linalokaribiana sana na hilo, kwani n inapokutana na l au r, d hujitokeza: ulimi mmoja, ndimi nyingi, mtu mrefu, kamba ndefu.

Ama zile maana nyingine, hayo ni maneno mbalimbali yaliyoishia kuvaa kanzu moja, kama lilivyo kaa la moto na kaa wa pwani, ila sisi upatanisho wa kisarufi hutusaidia kuyatenganisha. "Sound" ya uzima ni ya Kiingereza cha kale, "gesund", na Wajerumani wanaitumia mpaka leo kwa umbo hilohilo. Ile ya mlango wa bahari imetokana na "sund", neno la watu wa kaskazini mwa Ulaya lililokuwa na maana ya kuogelea na pia ya mkondo wa maji baina ya nchi mbili. Ndilo lililomo katika jina la Øresund, kati ya Denmark na Uswidi. Hata kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki, kinachomwezesha kuelea, Waingereza hukiita "sound", na nadhani wanafunzi wa Pemba, ambao wengi wao wamepaa samaki kwa mikono yao, hawatalisahau hilo.

Iliyobaki ni ya kupima kina, iliyotoka katika "sonder" ya Kifaransa, na hii ndiyo kazi ya bildi: nahodha hushusha kipande cha madini ya risasi kilichofungwa kwenye kamba, akisubiri kiguse chini, kisha hukivuta na kuhesabu pima. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Siku hizi vyombo vingi hupima kina kwa mashine inayopeleka mlio chini na kusikiliza mwangwi wake, na mashine hiyo kwa Kiingereza huitwa "echo sounder". Msikilizaji hudhani kwamba "sounder" hapo inahusu mlio, kumbe inahusu kupima kina, na lau mashine ingefanya kazi hiyo kwa kamba na risasi, bado ingestahili kuitwa "sounder".