Mdogo ana nini mezani?

Umeuliza kama nchi ndogo inaweza kushirikiana kiuchumi na jirani tajiri bila kumezwa. Inaweza, ila usianze kwa kulinganisha pato la taifa. Tazama mdogo ana kitu gani ambacho mkubwa anakihitaji kwelikweli. Lesotho imezungukwa pande zote na Afrika Kusini, lakini ina maji ya milimani. Kwa mkataba wa 1986, Afrika Kusini inagharamia kuyafikisha kwake na kuilipa Lesotho mrabaha. Maji hayohayo yanazalisha umeme wa Lesotho pale Muela. Hapo mdogo ana nguvu ya kujadiliana. Kwenye forodha mambo ni mengine: ushuru ni wa pamoja na Afrika Kusini, na thamani ya loti, sarafu ya Lesotho, imefungwa kwenye randi ya Afrika Kusini. Huko, kwa maoni yangu, sauti yake bado ni ndogo mno.