Risiti Mbili za Watoto wa Mama Mmoja

SWALI: Ndugu mwandishi, pole na kazi. Nina watoto wawili walio masomoni ng'ambo: mkubwa, binti, yuko Leicester nchini Uingereza, na mdogo wake wa kiume yuko Hamilton, katika jimbo la Ontario nchini Kanada. Kila mwezi nawatumia fedha za chakula, kila mmoja kiasi kilekile, ili asije mtu akasema nina mtoto wa kambo. Sasa huyu wa Kanada analalamika kuwa fedha zake zinakata kabla ya tarehe 20, na dada yake anamjibu kwamba tatizo lake ni uvivu wa kupika. Juzi walirushiana picha za risiti katika kundi letu la WhatsApp. Ya binti inasema maziwa painti 4 kwa pauni 1.55, na kuku mzima wa kilo 1.6 kwa pauni 4.90. Ya kijana inasema maziwa lita 2 kwa dola 5.29, na kuku wa uzito uleule kwa dola 14.08. Nimezitazama mpaka macho yakauma: huku pauni, kule dola, huku painti, kule lita. Je, chakula cha Kanada ni ghali kweli kuliko cha Uingereza, au mwanangu hajui kutumia?
*Mama wa Wawili, Tabata Segerea*

JIBU: Mama, shikamoo. Mwanao hakudanganyi, ingawa dada yake naye ana chembe ya haki, na nitakuonyesha iko wapi.

Kwanza tuziweke risiti zote katika fedha moja na kipimo kimoja, maana kulinganisha tarakimu kama zilivyoandikwa ni sawa na kulinganisha fungu la nyanya la Mabibo na sado ya nyanya ya Ilala. Katika miaka ya 2024 na 2025 pauni moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban dola za Kanada 1.7 hadi 1.9, kwa hiyo tuchukue 1.8. Kuku wa binti anakuwa dola 8.82, na wa kijana ni dola 14.08, hapo hakuna cha kubishania. Painti 4 za Uingereza ni lita 2.27, kwa hiyo lita moja ya maziwa ya Leicester inasimama kwenye dola 1.23 hivi, wakati lita ya Hamilton imefika dola 2.65, ambayo ni zaidi ya mara mbili.

Lakini kwenye maziwa ndipo dada yake anapopata hoja. Ontario wana utaratibu ambao ulinichekesha wiki ya kwanza nilipofika huko miaka ile: maziwa huuzwa katika mfuko mkubwa wa plastiki wenye vifuko vitatu ndani, jumla lita 4, yaani ujazo uleule wa sado yetu ya Tandale. Mtu hutumbukiza kifuko kimoja ndani ya jagi, hukata pembe kwa mkasi, kisha humimina. Mfuko mzima huuzwa kwa dola 6 hivi, kwa hiyo lita inashuka hadi dola 1.50, na tofauti na Leicester inabaki ndogo. Kijana wako alinunua boksi la lita 2, nadhani kwa sababu anaishi peke yake au jokofu ni la kushirikiana, na kwa boksi hilo alilipa karibu bei ya lita 4. Kanada humwadhibu mnunuzi wa kidogokidogo kuliko Uingereza inavyomwadhibu, kama vile hapa kwetu anayenunua mafuta ya kula ya kupimiwa anavyolipa zaidi, kwa kila lita, kuliko mwenye dumu.

Kuhusu kuku, namtetea kijana. Tangu miaka ya 1970 Kanada imekuwa na mfumo wa kusimamia uzalishaji wa maziwa, kuku na mayai: mfugaji hupewa mgao wa kiasi anachoruhusiwa kuzalisha, bei ya shambani hupangwa ili isimuumize, na bidhaa za nje zinazozidi kiwango kilichoruhusiwa hutozwa ushuru mkubwa, ambao kwa siagi na jibini unapita asilimia 200. Wafugaji wanasema mfumo huu unawapa kipato cha uhakika bila kuombaomba hazina ya serikali. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Uingereza, ambao hawana kinga hiyo, hulalamika kila mara kwamba supamaketi zinawanyonya. Kwa hiyo ile pauni 1.55 ya binti yako nayo ina mtu aliyeilipia, ila huyo mtu yuko shambani, hayuko kwenye foleni ya keshia.

Kuna sababu ya pili, na kwangu mimi ndiyo nzito zaidi, nayo ni idadi ya wanaogombania mteja. Kanada ina watu zaidi ya milioni 40 waliotawanyika katika nchi iliyo kubwa kuliko Tanzania kwa zaidi ya mara 10, na sehemu kubwa ya biashara ya chakula iko mikononi mwa kampuni chache: Loblaw, Sobeys na Metro za hukohuko, pamoja na Costco na Walmart za Marekani. Mnamo Juni 2023 mamlaka ya ushindani ya Kanada ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba nchi inahitaji ushindani zaidi katika maduka ya vyakula. Wananchi wenyewe walikuwa wameshakosa imani tangu 2017, Loblaw na kampuni mama yake George Weston zilipokiri kwamba zilishiriki katika njama ya kupanga bei ya mkate iliyodumu tangu 2001, zikawapa wateja kadi za dola 25 za kununulia bidhaa. Mwaka 2023 kampuni ya uokaji ya Canada Bread ilitozwa faini ya dola milioni 50 kwa sehemu yake katika mambo hayohayo, na Mei 2024 wateja wengi wakaitana kususia maduka ya Loblaw kwa mwezi mzima.

Uingereza nako kuna wakubwa, Tesco akiwa wa kwanza, lakini Aldi ya Ujerumani iliingia mwaka 1990 na Lidl ikafuata mwaka 1994, zote zikiwa na maduka yasiyo na mapambo na bidhaa zinazouzwa zikiwa bado ndani ya makatoni. Kufikia 2022 Aldi ilikuwa imeipita Morrisons na kushika nafasi ya nne, na leo ukiingia Tesco au Sainsbury's utakuta vibandiko vinavyotangaza kwamba bei ya kitu fulani imelinganishwa na ya Aldi. Mfanyabiashara anayelazimika kuandika jina la mshindani wake juu ya rafu yake mwenyewe amebanwa kwelikweli. Aldi na Lidl hazina duka hata moja Kanada.

Hata hivyo binti asitambe sana. Machi 2023 bei za vyakula Uingereza zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 19 katika mwaka mmoja, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 40, ilhali Kanada kilele cha kipindi hichohicho kilikuwa asilimia 11 na kidogo. Wala si kila kitu ni nafuu upande wake: trei ya mayai 12 haina tofauti ya kugombana, na wakati mwingine ya Kanada ndiyo ya bei ya chini.

Sasa tuje kwenye mwenendo wa kununua, kwa kuwa ndiko kijana anakoweza kujisaidia. Mwanafunzi wa Leicester anaweza kununua kidogo mara tatu kwa wiki, akaenda jioni wakati wafanyakazi wanapopita na stika za njano wakipunguza bei ya mikate na nyama inayokaribia mwisho wake, na akatumia kadi ya mteja, maana bei za rafuni zina nyuso mbili, ya mwenye kadi na ya asiye nayo. Watu walizishuku sana bei hizo za kadi, lakini mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilizichunguza na mwaka 2024 ikatangaza kwamba kwa sehemu kubwa punguzo lake ni la kweli. Mwenendo wa Ontario ni mwingine kabisa. Huko wiki ya mnunuzi huanza Alhamisi, siku vipeperushi vipya vya bei vinapoanza kutumika, na mtu makini huvipitia katika simu kwa programu kama Flipp kabla ya kutoka nyumbani. Zaidi ya hapo, maduka kadhaa ya bei nafuu, No Frills likiwamo, hukubali kukuuzia kwa bei ya kipeperushi cha mshindani ukimwonyesha keshia. Yaani mapatano yapo, mama, ila hayafanywi kwa mdomo kama Kariakoo. Yanafanywa kwa karatasi ya jirani.

Mwambie pia aangalie sana kibandiko cha nyama. Maduka mengi ya Kanada huandika kwa maandishi makubwa bei ya ratili, ambayo ni chini kidogo ya nusu kilo, na bei ya kilo huiweka chini kwa herufi ndogo. Ndiyo maana kuku wa kijana, ambaye rafuni huenda alisomeka dola 3.99, alikuja kuwa dola 8.80 kwa kilo. Mimi mwenyewe niliingia mtego huo mara mbili, na mara ya pili sikuwa na udhuru.

Kuhusu kuwatumia kiasi sawa, maoni yangu ni kwamba usawa uwe wa kapu, usiwe wa shilingi. Waandikie wote orodha moja ya vitu kumi ambavyo kweli wanavila, kila mmoja avinunue katika duka la bei nafuu kuliko yote analoweza kulifikia kwa miguu au kwa basi, kisha wakutumie risiti zikiwa na uzito. Mdogo atahitaji kuongezewa, sina shaka, lakini aongezewe kwa risiti yenye mfuko wa lita 4 na kuku aliyenunuliwa siku ya punguzo, na dada yake aache kumwita mvivu kwa kosa la nchi.

SWALI: Mjukuu wangu aliye Toronto alichukua pakiti ya krispi iliyoandikwa dola 3.99, akafika kwa keshia akadaiwa dola 4.51. Aliona haya kuuliza. Je, aliibiwa?
*Babu, Mbagala Rangi Tatu*

JIBU: Shikamoo babu. Hakuibiwa. Sisi tumezoea bei ya dukani iwe imeshabeba VAT ya asilimia 18, na Uingereza nako kodi yao ya asilimia 20 imo ndani ya bei inayosomeka rafuni. Kanada bei ya rafuni huwa bado haina kodi, nayo huongezwa mwishoni: Ontario asilimia 13, Alberta asilimia 5 tu. Vyakula vya msingi kama mchele, mboga, nyama, maziwa na mkate havitozwi, ila krispi, soda na peremende hutozwa. Mipaka yake ina vituko. Ukinunua donati moja Kanada unalipa kodi, ukinunua sita hulipi, kwa kuwa sita zinahesabiwa kuwa chakula cha kupeleka nyumbani. Waingereza nao walifikishana hadi mbele ya baraza la kodi mwaka 1991 kuamua kama Jaffa Cakes ni keki, isiyotozwa, au biskuti yenye chokoleti, inayotozwa, keki ikashinda.

Pale ambapo mjukuu anapaswa kufungua mdomo ni endapo bei iliyosomwa na mashine, kabla ya kodi, imezidi ile ya rafuni. Maduka mengi makubwa ya Kanada yamejiunga na mwongozo wa hiari wa mwaka 2002, ambao awali uliweka kwamba bidhaa ya chini ya dola 10 iliyokosewa hivyo itolewe bure. Na akilipa fedha taslimu akaona hesabu imesogezwa hadi senti 5 zilizo karibu, asishangae: Kanada iliacha kusambaza sarafu ya senti moja Februari 2013.

SWALI: Ninasafiri kwenda London mwezi Januari kwa mwaka mmoja. Nibebe kilo 10 za sembe?
*Msafiri, Kinondoni Mkwajuni*

JIBU: Usibebe. Supamaketi za kawaida zitakupa unga wa mahindi ya njano, ambao wazee watakumbuka tuliuita Yanga wakati wa njaa ya miaka ya 1970, na wengi huko husongea ugali wa semolina. Lakini ukifika soko la Ridley Road kule Dalston, au maduka ya Rye Lane pale Peckham, utapata unga mweupe, muhogo, ndizi mbichi na viazi vikuu, kwa kuwa Waafrika na watu wa Karibiani wamenunua vyakula hivyo hapo kwa miongo mingi. Tui la nazi la kopo liko karibu kila duka, na kwa mtu aliyezoea kukuna nazi bei yake haitamtisha. Nyama na bidhaa za maziwa usiziweke kabisa sandukuni, maana hairuhusiwi kuziingiza Uingereza kutoka kwetu. Kama mzigo wako ni kilo 23, hizo kilo 10 za sembe zipe koti zito na mwiko mzuri wa mti.