Kwa unayeanza kazi ya tafiti za vihatarishi vya magonjwa sugu

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii huja wakidhani ugumu wake uko kwenye uchambuzi. Mimi nimeona vingine. Takwimu ya taifa huharibikia nyumbani kwa mshiriki, palepale anapopimwa, na ikishaharibika hapo hakuna programu ya kompyuta itakayoiponya.

Chukua presha. Utaratibu wa STEPS, ambao Shirika la Afya Duniani limeusambaza katika nchi nyingi, una ngazi tatu: dodoso, vipimo vya mwili, kisha vipimo vya maabara. Kwenye ngazi ya pili, mshiriki anatakiwa atulie kitini dakika 15, miguu isipishane, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Anapimwa mara tatu, akipumzika dakika tatu kati ya kipimo na kipimo, na wastani unatokana na vipimo viwili vya mwisho. Sasa mfikirie msaili aliyechelewa, jua linazama na kaya bado zinamsubiri. Atashawishika kumpima mtu aliyeingia ndani sasa hivi akihema, au kufunga mkanda mdogo wa mashine ya presha kwenye mkono mnene kwa sababu ule mkubwa umebaki garini. Yote mawili yanapandisha kipimo. Kwa mtu mmoja, milimita tatu au nne za zebaki si kitu. Kwa wastani wa nchi, zinavusha watu wengi mpaka wa 140/90, unaohesabiwa kuwa presha ya juu, na wakubwa watasomewa kwamba hali imezidi kuwa mbaya, kumbe kilichobadilika ni mkanda.

Ndiyo maana nakusihi usiwe na haraka ya kuboresha dodoso ulilolikuta. Utafiti wa aina hii thamani yake iko kwenye kurudiwa. Ufini ilianza mwaka 1972 katika maeneo yake ya mashariki, ikarudia kila baada ya miaka mitano, na ndivyo ilivyoweza kuona kolesteroli na presha zikishuka muongo baada ya muongo. Ukibadilisha swali la “unavuta sigara kwa sasa?” likawa “umewahi kuvuta?”, umekata mnyororo huo. Kama mashine lazima ibadilike, ya zamani na mpya zitumike kwa watu walewale kwanza, tofauti yake ijulikane na iandikwe.

Tafsiri ya kiashiria, yaani nani hasa anahesabiwa kuwa na tatizo, nayo iandikwe kabla ya kugusa data. Katika hesabu za STEPS, mwenye shinikizo la juu ni aliyekutwa na 140/90 au zaidi, pamoja na yule ambaye kipimo chake ni kizuri kwa sababu anameza dawa. Ukimsahau huyu wa pili, nchi inayotibu watu wake vizuri itaonekana haina wagonjwa.

Kuhusu urefu na uzito sina mengi: pima, usiulize. Watu hujiongezea urefu na kujipunguzia kilo, hata wasipokusudia kudanganya.

Linaloniumiza zaidi ni wasiopatikana. Aliyechaguliwa kwenye kaya akiwa kazini, ni rahisi kumchukua ndugu yake aliyepo. Usikubali. Mara nyingi anayekosekana mchana ni mwanaume wa umri wa kufanya kazi, na huenda ndiye mvutaji. Rudi jioni, rudi Jumapili. Uzani wa takwimu, yaani kumpa kila mshiriki uzito wake kwenye hesabu, husawazisha idadi ya wanaume na wanawake na makundi ya umri, lakini hauwezi kukuambia yule uliyemkosa anaishije.

Na ukimkuta mtu ana 190 kwa 115 huku akisema hajisikii chochote, usijaze kishikwambi ukaondoka. Muulize kama ana maumivu ya kifua, kichwa kinachouma sana au ukungu machoni; akiwa navyo, apelekwe hospitali wakati huohuo. Asipokuwa navyo, mwandikie majibu yake kwenye karatasi, mpe rufaa ya kituo cha afya kilicho karibu, na umweleze aende mapema bila kusubiri dalili.