Usiitie mafuta saa iliyosimama

*Shikamoo fundi. Babu aliniachia saa ya mfukoni ya kutia ufunguo. Ilisimama kabla sijazaliwa. Nikizungusha kichwa chake inajaa, nikiitikisa inapiga mapigo machache kisha kimya. Rafiki yangu ananishauri nitie tone la mafuta ya cherehani kwenye magurudumu. Mimi ningependa kuifungua mwenyewe nyumbani ili nijifunze kazi hii. Nianzie wapi? – Mjukuu*

Marahaba, mjukuu wangu. Kwanza iweke mbali hiyo chupa ya mafuta.

Barua yako ina habari njema ambayo huenda hukuiona. Springi kuu, ile inayoipa saa nguvu, ingekuwa imekatika, kwa kawaida kichwa kingezunguka tu bila kufika mwisho. Yako inajaa, na ikitikiswa inajaribu kwenda. Saa ya namna hiyo mara nyingi haijavunjika. Mafuta ya zamani yamekauka ndani yake yakawa gundi, basi. Ukidondosha mafuta mapya juu ya gundi hiyo, saa inaweza kwenda siku mbili tatu ukafurahi sana. Wakati huo tone lako limelegeza uchafu, uchafu umechanganyika na vumbi la chuma, na mchanganyiko huo unasaga ncha za ekseli kama msasa. Saa nyingi za wazee nilizopokea mezani kwangu zilikuwa zimeumizwa na mkono uliotaka kuzisaidia, na ulioanza kwa mafuta.

Ukishapata lenzi, tazama pale ncha ya ekseli inapoingia kwenye jiwe jekundu. Jiwe hilo ni rubi, na katika saa nyingi ni rubi iliyotengenezwa kiwandani. Kuzunguka tundu lake kuna kibakuli kidogo. Tone dogo mno, la kuchukuliwa kwa ncha ya waya, huvutwa lenyewe kuelekea kwenye ncha ya ekseli na kukaa hapo miaka. Ukizidisha, tone linafika ukingoni mwa kibakuli, linatambaa juu ya bamba na kuyavuta mafuta yote yalifuate. Jiwe linabaki kavu ilhali saa nzima imelowa. Meno ya magurudumu hayo membamba yanayofuatana hayatiwi mafuta. Na ile springi nyembamba kama unywele iliyojiviringa juu ya gurudumu la mizani (lile linalokwenda na kurudi) isiguswe na mafuta kamwe, kwa sababu mizunguko yake itashikana na saa itakimbia kama imefukuzwa.

Sasa kuhusu kuifungua. Nakuombea ufungue, ila usianze na ya babu. Tafuta mtambo wa kujifunzia. Mimi humshauri kila anayeanza atafute Unitas 6497 au ndugu yake 6498. Ni mitambo iliyobuniwa kwa ajili ya saa za mfukoni, ina upana wa milimita 36.6, kwa hiyo kila kipande unakiona na kukishika bila kukisia. Ya kawaida hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mapigo matano kila sekunde, na sikio linaweza kuyafuata. Uifungue na kuifunga mpaka ukiamshwa usiku ujue skrubu ipi ni ya daraja lipi, yaani vile vibamba vinavyoshikilia magurudumu. Baada ya hapo ndipo uende kwa ya babu.

Kuna jambo moja naomba ulishike hata ukisahau mengine yote: legeza springi kuu kabla hujagusa kiuma. Kiuma ni kile kipande kidogo chenye mawe mawili kinachopokezana na gurudumu la mizani. Ndicho kinachozuia nguvu yote ya springi isimwagike kwa mara moja. Saa ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya marehemu baba yangu, na hakuna aliyenieleza haya. Nilitoa skrubu mbili za daraja la kiuma springi ikiwa imejaa. Nilipokinyanyua, magurudumu yote yalivurumka kwa mvumo mfupi kama nzi aliyenaswa ndani ya glasi, kisha yakasimama ghafla. Gurudumu moja lilikuwa limepoteza ncha ya ekseli. Niliikuta ile ncha imelala kwenye kitambaa, ndogo kuliko punje ya mchanga, inang'aa bado. Ilinichukua zaidi ya mwaka kupata gurudumu jingine la kulingana nalo.

Kulegeza si kugumu. Bana kichwa cha saa kwa kidole gumba na cha shahada, zungusha kidogo upande wa kujazia, kisha kwa kijiti kilichochongwa sukuma pembeni lile jino dogo linalozuia gurudumu la springi lisirudi nyuma. Kichwa kitataka kuzunguka kwa nguvu vidoleni mwako. Kiachie polepole, kikiteleza, mpaka kiishe nguvu. Halafu liguseguse gurudumu la mizani kwa brashi laini uhakikishe hakuna nguvu iliyobaki.

Vifaa visikutie hofu, vya kuanzia ni vichache. Bisibisi nne hivi za kati ya milimita 0.8 na 1.6, kibano kizuri kimoja, lenzi ya kuweka jichoni, na vibakuli vyenye vifuniko. Ncha ya bisibisi ijae sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, na ikichakaa inoe kwenye jiwe, kwani ncha mbovu ndiyo inayoteleza na kuacha mchubuko juu ya daraja ambao hautoki tena. Mimi hubana shuka jeupe, upande mmoja kwenye ukingo wa meza na mwingine kifuani kwangu. Kinachodondoka kinaishia mapajani, hakifiki sakafuni. Kwa kazi hii shuka hilo lina faida kuliko vifaa vingi vya gharama.

Piga picha kila hatua. Ukikuta skrubu inagoma kabisa kwenye gurudumu dogo lililo karibu na kichwa cha saa, usiikaze nguvu. Mara nyingi hiyo hufunguka kwa upande wa kinyume na skrubu nyingine, na baadhi ya watengenezaji huichora mifereji mitatu ili ikutahadharishe. Nimeona vichwa vya skrubu vilivyokatwa kwa sababu ya kutojua hilo tu.

Kuosha: magurudumu na madaraja yanaoshwa kwa nafta safi, yale mafuta mepesi ya kujazia viberiti vya utambi. Fungua madirisha, na pasiwepo moto wala cheche chumbani. Wengi hutumia spiriti, nami nina neno juu yake. Mawe mawili ya kiuma, na lile moja dogo chini ya gurudumu la mizani, yamegandishwa kwa gundi iitwayo shelaki, na spiriti huiyeyusha shelaki. Ukiviloweka vipande hivyo humo, utakuja kuyakuta mawe chini ya kibakuli.

La mwisho kwako: iangalie namba na mishale ya saa ya babu. Kama imepakwa rangi nene ya manjano au kahawia, ya zile zilizokuwa ziking'aa gizani, huenda ina rediamu, madini yenye mionzi ya hatari. Rangi hiyo ilitumika tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi miaka ya 1960. Mng'ao wake huisha, lakini rediamu yenyewe hubaki, kwani hupungua nusu kwa takriban miaka 1,600. Usiikwangue, usiipulize, na saa kama hiyo usiifungulie nyumbani. Mpelekee fundi mwenye vifaa vya kujikinga.

*Habari za kazi, kaka. Saa yangu ya ukutani yenye pendulamu nimeitungika upya baada ya kupaka chumba rangi. Nimeipima kwa timazi imenyooka kabisa, lakini inakwenda dakika kumi inasimama. Zamani haikuwa hivyo. – Dada wa saa ya ukutani*

Njema, dada yangu. Weka timazi pembeni uisikilize. Saa iliyokaa sawa inasema ta, ka, ta, ka, na ukimya kati yake unalingana. Yako nadhani inasema taka, taka, kama mtu anayechechemea. Pendulamu inapata msukumo wa kutosha upande mmoja na mdogo upande wa pili, kwa hiyo inachoka na kusimama. Sogeza chini ya sanduku kidogo kushoto au kulia mpaka mapigo yalingane, halafu weka alama ya penseli ukutani. Sanduku likionekana limepinda mno, basi ni ule mkono mwembamba wa nyuma unaoisukuma pendulamu ndio unaohitaji kupindwa kidogo sana. Kati ya timazi na sikio, hapa liamini sikio.

Ikishakwenda utaona inachelewa au inawahi. Nati iliyo chini ya pendulamu ndiyo dawa: ukiipandisha inawahi, ukiishusha inachelewa. Usiizungushe sana. Pendulamu ndefu ya sentimita 99.4, inayotumia sekunde moja kwa kila mkupuo, ukiifupisha milimita moja tu inawahi kama sekunde 43 kwa siku. Fupi ya sentimita 25, kwa milimita hiyo hiyo, inawahi karibu dakika tatu. Zungusha nusu duara, subiri siku nzima, ndipo uguse tena.

*Fundi, saa yangu ya mkononi isiyotumia betri ilikuwa sahihi kwa miaka. Wiki iliyopita niliilaza juu ya spika usiku kucha, sasa inawahi zaidi ya dakika kumi kwa siku. Nimeiharibu? – Mwenye wasiwasi*

Hujaiharibu, ndugu yangu. Spika ina sumaku, na sumaku imeingia kwenye ile springi ya unywele niliyomweleza mjukuu hapo juu. Mizunguko yake inavutana na kushikana, springi inafanya kazi kama imefupishwa, na saa inakimbia. Isogeze karibu na dira, na sindano ikiyumbayumba kuifuata, jibu umelipata. Usiifungue wala usikubali kuuziwa usafishaji wa mtambo mzima. Kuna kifaa kidogo cha umeme cha kuondoa sumaku. Weka saa juu yake, bonyeza kitufe, kisha ukiwa bado umekibonyeza inua saa taratibu hadi mkono wako unyooke. Hapo ndipo uachie kitufe. Ukikiachia saa ikiwa bado karibu, utairudishia sumaku ile ile, na utalazimika kuanza upya.