Mume wangu kasilimu na mbwa wake, sheria ya Uingereza haituruhusu kumgawa, tufanyeje?

SUALI: Assalaam alaykum Maalim. Mie mzaliwa wa Wete, saivi naishi Uingereza na mume wangu, ni Mwingereza alosilimu. Alipoingia dini alikuwa na mbwa wake tokea zamani, ni hawa XL Bully, aina ya mbwa wakubwa wenye nguvu walopigwa marufuku, wetu ana cheti cha kuruhusiwa. Kwa sheria hatuwezi kumuuza wala kumgawa. Mama yangu kanambia kwenye simu nimpeleke akadungwe sindano afe, ati nikikaa nae sala zangu bure. Mume nae usiku anamtoa nje bila ya kumfunga mdomo, anasema sheria yenyewe ya dhulma, mbwa wake hajamuuma mtu. Watoto wanampenda. Nifate la nani?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu. Mama ana haki yake na mume ana haki yake lakini katika hili wote wawili wamekosea kidogo, na ntakueleza kwa nini, uniwie radhi nikirefusha.

Kwanza hilo la kumuua. Mtume swalla Allahu alayhi wasallam mwanzo aliamrisha mbwa wauawe kisha akakataza, na Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, katika sherehe yake, yaani maelezo ya kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim, kanukuu kuwa sharia ilipotulia ni kuwa mbwa asokuwa na madhara hauliwi, awe mweusi awe rangi gani. Anaeuliwa ni yule mkali anaeshambulia watu. Sasa mbwa wenu mwenyewe unasema hajauma, basi mnamdunga kwa kosa gani? Eti kwa sababu jamaa wa Wete watasema? Hapana dada, roho haitolewi kwa kuogopa maneno ya watu.

Mie nimekulia Makunduchi, na kule wasasi wakitoka na mbwa alfajiri kwenda kusaka nguruwe wanaokula mihogo. Wakirudi jua kali mbwa wamechanwa na meno ya nguruwe, ulimi nje, na alikuwepo mzee mmoja mswalihina khasa, kabla hajanywa yeye anachukua kifuu cha nazi anawatilia maji mmoja mmoja, anasogea pembeni asirukiwe na mate, kisha ndo anakwenda kutia udhu. Sisi watoto tukimcheka. Nlipokuja kusoma hadithi ya yule aloteremka kisimani akajaza maji kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Allah akamsamehe, basi nlimkumbuka mzee yule nikaona haya. Alikuwa anachunga mambo mawili kwa pamoja, najisi na huruma, na wewe ndivo ivo nataka ufanye.

La sala. Kufuga mbwa bila ya haja kumekatazwa, na alofuga isipokuwa wa mifugo, wa kusaka au wa shamba hupungua thawabu zake kila siku kirati, yaani kipimo cha thawabu, riwaya nyengine kirati mbili. Hilo ni kupungua thawabu, si kuwa sala haisihi, mama yako kachanganya. Na Nawawi kaona mbwa wa kulinda nyumba anaingia kwa kulinganishwa na hao watatu. Sasa hali yenu nyie ni ngumu zaidi, manake mume hakwenda kumtafuta mbwa baada ya kusilimu, alimkuta nae, na njia ambayo ningekwambia siku zote, mpeni mwenye haja nae bila ya kuchukua pesa kwa sababu thamani ya mbwa kwetu Mashafi haifai, njia hiyo sheria ya huko imeifunga. Kilobaki ni kumuweka kwa masharti au kumuua. Nnavoona mie, kwa hali hii kumuweka hakuna dhambi juu yenu inshaallah, lakini muwekeni kama mlinzi. Alale bandani nje, banda zuri lenye joto, baridi ya huko inaua. Mbwa wa Ashabul Kahf, wale vijana wa pangoni, nae alikaa mlangoni.

Nasikia mlihitajika pia kumhasi ndo mpate cheti. Wanachuoni wetu wamekataza kuhasi mnyama asoliwa, lakini mlikuwa baina ya kuhasiwa na kuuawa, mkachukua jepesi. Msihangaike na hilo.

Sasa mume wako, na hapa nataka umsomee mwenyewe. Ndugu yangu, ulivosema kuwa mnyama ahukumiwe kwa alofanya na si kwa umbo lake, una hoja, na fiqhi yetu pia inamtaja mbwa muumaji, haitaji kabila ya mbwa. Sheria ya huko ya mwaka 1991 ilitaja aina nne, pit bull, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, na huyu wako akaongezwa mwisho wa 2023, kisha kuanzia tarehe 1 Februari 2024 England na Wales huruhusiwi kuwa nae bila ya cheti. Na wanaangalia umbo na vipimo, hawaangalii karatasi za wazazi wake. Unaweza kuona wamekaza sana. Lakini wewe cheti umekichukua, ukalipa paundi 92.40, ukakata bima, ukakubali kuwa nje atafungwa mdomo na atashikwa kamba. Hayo ni makubaliano, na Suratul Maida inaanza kwa kuamrisha waumini watimize mikataba, haikusema mikataba na Waislamu tu. Na mtu akidhurika kwa kuwa wewe umemfungua mdomo usiku, hata bila ya sheria ya Uingereza dhamana ni yako mbele ya Allah, achilia mbali kuwa huko mbwa akimuua mtu mwenyewe anaweza kufungwa miaka 14. Halafu wakikukamata mbwa huyo unaempenda anaweza kuuliwa. Kikapu cha mdomo hakimuumizi, akizoeshwa anahema na kunywa maji nacho vizuri. Mvishe, hata saa nane ya usiku njia tupu.

Dada, najisi isikutie wasiwasi. Mkavu kumgusa mkavu hakuna kitu. Akikulamba au manyoya yakiwa yamerowa yakakugusa, osha mara saba, moja kwa udongo, na kwa kauli yenye nguvu kwetu sabuni haikai pahala pa udongo, basi weka ndoo ya udongo safi karibu na mlango wa nyuma, chota kidogo vuruga na maji upakaze. Chombo chake kiwe mbali na vyenu. Nguo ya sala weka moja chumbani asipofika. Watoto wafundishe hivo hivo kwa upole, msiwatishe nae, na usiwaache nae peke yao hata dakika, huyo mnyama ana nguvu.

Mama mpigie Ijumaa, umsomee hadithi ya mwenye kiatu kwanza ndo umwambie nlivosema. Akikasirika mpe namba yangu, ntazungumza nae.

Wallahu aalam.